Pedali Mbili na Mama Mkwe Mmoja

Gari la baba lilipoletwa Bariadi na mtu wa dalali kutoka Mwanza, baba hakulizunguka wala kulipigapiga bodi kama wafanyavyo wanunuzi wa magari. Alifungua mlango, akainama chini ya usukani, akahesabu pedali. Akahesabu tena. Kisha akanyanyuka, akamtazama yule mtu kwa upole wa mtu anayejua ameshaibiwa, akamuuliza klachi imebaki wapi.

Mtu wa dalali akasema gari hili halina klachi, ni otomatiki, linajibadilishia gia lenyewe.

"Linajuaje?" baba akauliza.

Mtu wa dalali alikuwa na basi la kuwahi. Akatuachia funguo na harufu ya manukato yake, akaenda zake.

Baba alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Ujana wake wote, na sehemu kubwa ya utu uzima wake, alibeba pamba kutoka vituo vya Nkoma na kwingineko kuileta kiwandani kuchambuliwa, na marobota akayapeleka stesheni ya Malampaka kungoja treni, ambayo nayo ilikuja ilipojisikia. Halafu likaja soko huria. Tuliambiwa sasa kila mtu atanunua na kuuza apendavyo, nasi tukashangilia, maana kushangilia kulikuwa bure. Soko huria likatuletea mitumba, soda za kopo, redio zenye taa nyingi kuliko sauti, na wanunuzi binafsi wa pamba waliokuja na mizani yao na tabasamu lao. Chama kikaishiwa pumzi. Malori yakapandishwa juu ya mawe, kuku wakahamia chini yake, na baba akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri.

Sasa, Msukuma mwenye akili timamu akipata kiinua mgongo ananunua ng'ombe. Baba akanunua gari dogo jeupe ambalo huko Japani, nadhani, lilikuwa limeshasahaulika. Kaka yake mama, mjomba wetu wa Shishiyu, alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila tulipokutana alianza na swali lile lile.

"Limezaa?"

Mama hakucheka. Alikuwa ameolewa na dereva miaka yote hiyo na hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote, kwa sababu kanuni za chama zilikataza abiria kwenye kebini, na baba aliziheshimu kanuni za chama kuliko Amri Kumi. Mama alipokuwa na safari alipandishwa juu ya pamba, akafika kwao Shishiyu na nyuzi nyeupe kichwani. Kwa hiyo gari lilipokuja aliingia, akakaa mbele, akaweka mkoba mapajani, akangoja.

Mguu wa kulia wa baba ulielewa soko huria mapema kabisa. Wa kushoto ulibaki kwenye ushirika. Gari likikaribia kona, au mbuzi, au shimo, au mtu tu wa kusalimiwa, mguu wa kushoto uliinuka wenyewe kwenda kutafuta klachi, na kwa kuwa klachi haikuwepo, ulishukia kwenye pedali iliyokuwa jirani, ambayo ni breki, tena kwa nguvu zote za mtu aliyezoea klachi ya lori lenye tani za pamba. Gari lilisimama palepale. Sisi tuliokuwa ndani hatukusimama. Mama aliijua dashibodi ile kuliko alivyoijua meza ya jikoni kwake.

Na breki zilipiga kelele. Pedi zake zilikuwa mpya, tumezinunua dukani pale sokoni, kwenye boksi zuri lenye picha ya gari jingine kabisa. Zilikuwa pedi za soko huria: bei nafuu, maneno mengi. Baba akikanyaga, zilitoa mlio uliopanda juu, ukakaa huko, kisha ukashuka polepole kama mtu anayelia msibani akiwa anatazama nani amefika. Watu walituhesabia. Wauza mchele walisema leo mzee amelia sokoni, kanisani na posta. Fundi mmoja akashauri tupake mafuta ya pamba kwenye pedi, kama wanavyopaka ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe ikilia. Baba alimfukuza na spana mkononi. Bado alikuwa dereva kiasi hicho.

Tiba ya mguu aliitafuta mwenyewe. Kwanza alivua kiatu cha kushoto, akisema mguu peku una aibu, hautaingia mahali usipoalikwa. Hivyo akawa anaendesha na kiatu kimoja, na akishuka haraka alikisahau kile kingine, mji mzima ukamwona akiingia benki na kiatu upande. Aibu ilimpata mama. Mguu haukuipata. Ndipo akachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga mguu wa kushoto kwenye chuma cha chini ya kiti. Hapo angalau mguu ulipotaka kuinuka ulichelewa kidogo, na baba akapata nafasi ya kuutukana.

Tungeweza kuishi hivyo. Lakini bibi yetu wa Shishiyu, mama yake mama, alikuwa anapoteza macho.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili mpaka akawa anamimina maziwa pembeni ya kibuyu na kuwasalimia ndama akidhani ni wajukuu. Tukasikia madaktari wa macho wanakuja hospitali hapa Bariadi kwa siku chache, wanapasua, mtu anaona. Mama hakulala vizuri tangu aliposikia. Bibi ilibidi aje. Basi la kule lilikuwa linapita kwa kubahatisha na lilimrusharusha mtu mzima aliye na macho, sembuse kikongwe asiyeona. Gari lilikuwepo, jeupe, uani kwetu. Shida ilikuwa moja: dereva alikuwa mkwe wake.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Si ugomvi, ni heshima, na heshima ile inachosha kuliko ugomvi. Miaka yote ya ndoa yake, baba alipofika Shishiyu alisimama nje ya boma na kukohoa. Bibi akisikia kikohozi alijifunika nguo kichwani, akaingia ndani au akageukia upande mwingine. Salamu zilipita kwa mama. Bibi hakuwahi kumtazama baba usoni. Alichokijua cha mkwewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa chini daima, ni miguu. Na sasa macho yalipofifia mambo yalizidi kuwa magumu, maana aliweza kutembea moja kwa moja mpaka kifuani kwa mkwewe bila kujua, na baba ndiye aliyelazimika kurukia migomba akimkimbia kikongwe wa watu.

Sasa wakae kwenye gari dogo, viti vyote vinagusana, kutoka Shishiyu mpaka Bariadi.

Kikao kilifanyika bomani kwa mjomba. Baba alihudhuria akiwa nje ya ua. Mjomba, ambaye macho ya mama yake hayakuwahi kumsumbua kiasi cha kuuza hata ndama, alitoa masharti kwa sauti ya jaji. Itafungwa kanga kutenganisha mbele na nyuma. Kioo cha ndani kitang'olewa, mkwe asije akamwona mama mkwe kwa mlango wa nyuma. Hakuna kuzungumza. Na kama mwili wa mama mkwe utamgusa mkwe, kwa sababu yoyote ile, mbuzi atatolewa. Kisha akakohoa na kuongeza kwamba amesikia gari lenyewe lina tabia ya kusimama ghafla, kwa hiyo ni vizuri mbuzi akaandaliwa mapema.

"Mwambie shemeji," baba akamwambia mama kutoka nje ya ua, "mguu nimeufunga."

Safari ya kwenda hospitali ilianza vizuri, kwa maana kwamba tuliondoka. Mama mbele, baba kwenye usukani, kanga katikati, na mimi nyuma nikiwa nimemshika bibi mkono. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja ajira ambazo soko huria liliahidi, hivyo kazi ya kushika kanga isianguke ilikuwa ndiyo ajira yangu ya kwanza. Bibi alikuwa na utani nami, aliniita mke mwenzake. Hakuwahi kupanda gari dogo. Kila breki ilipolia alishtuka, akaniuliza ni nani huyo. Baadaye akazoea. Breki ikilia, yeye alijifunika nguo kichwani na kugeukia dirishani, kama alivyofanya miaka yote kwa kikohozi cha baba. Gari lilikuwa limechukua kazi ya kubisha hodi.

Kabla hatujafika mjini Maswa, ng'ombe wakakatiza barabara. Kundi zima, bila haraka, kama wenye nchi. Baba aliwaona mapema. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaanza kupunguza mwendo, taratibu, kistaarabu. Ndipo ule wa kushoto ukapokea habari. Nilisikia ukanda wa tyubu ukikatika, kisha mlio wa breki ambao naamini Malampaka waliusikia, na bibi akaniponyoka mkononi. Akaenda na kanga yote. Aliposimama, alikuwa amemkumbatia mkwewe kwa nyuma, mikono yote miwili, kichwani.

Mama alikuwa ameziba mdomo. Baba alikaa wima kabisa, mikono juu ya usukani, macho kwa ng'ombe, huku mama mkwe wake akimpapasa polepole ili ajue yuko wapi.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita kwa Kisukuma. "Nimeshika nini?"

"Kiti, bibi."

Akapapasa tena.

"Kiti kina masikio?"

"Ndivyo vilivyo viti vya siku hizi, bibi."

Bibi akafikiri. Akaachia. Nikamrudisha, nikamfunika. Baba akafungua mlango, akashuka, akaenda zake katikati ya shamba la pamba la watu na mguu mmoja peku, akasimama huko akiwa ametupa mgongo. Mama alimfuata, akambembeleza muda mrefu. Sijui alimwambia nini, lakini waliporudi macho ya baba yalikuwa mekundu, na sikuona tena kitu cha kuchekesha. Alikuwa mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote na akaifanya vizuri, na sasa hata mguu wake ulikuwa haumtii.

Bibi alipasuliwa jicho moja. Walipofungua bandeji aliitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma, akasema imezeeka bila kumwambia. Kisha akanitazama mimi, akasema alidhani mke mwenzake ni mzuri zaidi. Mama alicheka huku analia. Baba alikuwa nje ya wodi, nyuma ya ukuta, akikohoa.

Daktari akatupa dawa ya matone na maonyo. Mgonjwa asiiname. Asinyanyue kitu kizito. Na zaidi ya yote asitikiswe wala asigonge kichwa, maana jicho likipata mshtuko sasa hivi, kazi yote imepotea na huenda lisione tena. Akauliza tunarudi kwa usafiri gani. Mama akajibu tuna gari letu wenyewe. Daktari akafurahi, akasema hapo sasa hana wasiwasi.

Baba hakula siku ile. Alisema twende kwa basi, mama akamkumbusha hilo basi lilivyo. Alisema atafute dereva mwingine, lakini madereva wote aliowajua walikuwa wa malori ya chama, na kila mmoja alikuwa na mguu wa kushoto wa aina ileile. Asubuhi ya safari nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, anaufunga mguu kwa kamba ya katani, ile ya kufungia ng'ombe, akaizungusha na kuikaza mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Mguu utakatika, baba," nikasema.

"Na ukatike."

Tukaondoka. Tulikwenda mwendo wa harusi, baiskeli zikitupita na wenye baiskeli wakitupa pole. Kanga ilikuwa imefungwa tena, lakini ilikuwa fupi, haikufika chini, na pengo kati ya viti viwili vya mbele lilibaki wazi. Bibi alikaa wima kama alivyoagizwa, nguo kichwani, macho chini kwa heshima. Sasa macho yale, au tuseme jicho lile, lilikuwa linaona. Nami nikaona linakoangalia. Lilikuwa linautazama mguu wa kushoto wa baba.

Aliutazama muda mrefu sana. Kila gari lilipokaribia bonde, mguu ulivuta kamba. Kamba ikakaza, ngozi ikachubuka, mguu ukarudi.

"Mwanangu," bibi akamwambia mama, "huo mguu umefungwa na nani?"

"Na mwenyewe, mama."

"Aufungue. Baba yako alifundisha maksai wengi pale bomani na hakuwahi kumfunga hata mmoja jembeni kutwa. Maksai akifungwa hivyo anawaza kamba tu. Aufungue."

Baba alikuwa amesikia kila neno, alikuwa umbali wa kiganja, lakini adabu ni adabu. Alingoja. Mama akageuka na kumwambia, "Mama anasema ufungue mguu." Hapo ndipo akaruhusiwa kushtuka.

"Mwambie mama haiwezekani. Mwambie daktari amesema nini."

"Mama, anasema daktari…"

"Nimesikia daktari alichosema, jicho ni langu. Aufungue."

Baba alisimamisha gari pembeni. Kisha akainama, akaifungua kamba. Nilimwogopea bibi kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Nilimkamata mabega kwa mikono yangu yote miwili, na kanga ikaanza kujishikilia yenyewe.

Tulipita mjini Maswa salama. Tukashika barabara ya Shishiyu. Na ng'ombe, ambao nadhani walikuwa wameambiwa, wakatokea.

Niliuona mguu ukiinuka, kisigino kwanza.

"Tulia," bibi akasema.

Hakumwambia baba. Hakumtazama baba. Alisema na mguu, kwa Kisukuma, kwa sauti ileile ndogo aliyosemeshea ng'ombe wake alipokuwa anawakamua, na hakuna mila yoyote niijuayo inayomkataza mama mkwe kusema na mguu. Mguu ukasita hewani. "Tulia, wewe. Hapo hapo. Tulia." Mguu ukashuka, ukalala juu ya zulia. Ule wa kulia ukabonyeza polepole, breki zikanung'unika kidogo kisha zikanyamaza, na gari likasimama mbele ya ng'ombe bila mtu yeyote kusogea kwenye kiti chake.

Ng'ombe wakapita. Baba hakuondoa gari mara moja. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama akawa anatazama dirishani kama mtu anayehesabu miti.

Kutoka hapo mpaka bomani bibi aliufundisha mguu ule. Kwenye mashimo aliuambia tulia, kwenye mbuzi tulia, na penye njia nyeupe aliusifu, akauambia ni mguu mzuri, una akili, umechelewa tu kufundishwa. Katika miaka yote ya ndoa yake, hilo lilikuwa neno jema la kwanza baba kulisikia kutoka kwa mama mkwe wake, na lilikuwa la mguu.

Mjomba alitungoja kwenye lango la boma, akiwa tayari ameshamchagulia nafasi mbuzi atakayelipwa. Hakutuuliza jicho linaonaje. Aliuliza kama katika kwenda na kurudi mtu alimgusa mtu.

"Nilishika kiti," bibi akasema, akampita. Kisha akasimama, akamtazama kwa lile jicho jipya. "Kumbe na wewe umezeeka."

Baba hakuufunga mguu tena. Aliliendesha gari lile miaka, kiatu cha kushoto kikarudi mguuni, na mji ukapungukiwa na kelele za kuchekea. Tukiwa wawili garini nilimsikia, gari likikaribia kona, akisema chini chini, "Tulia." Pedi hatukubadilisha. Ni zilezile za boksi lenye picha ya gari jingine.

Bibi alifariki majira ya kuvuna pamba, akiwa bado anaona kwa jicho lile. Baba alituendesha kwenda kumzika. Kioo cha ndani kilikuwa kimesharudishwa, kanga haikuwepo, na nyuma nilikaa peke yangu. Tulipotoka tu Bariadi, kwenye kona ya kwanza, mguu wa kushoto ukainuka. Baba hakuuambia tulia. Breki zikalia, na zikaendelea kulia kila kona mpaka Shishiyu, na mama, ambaye paji lake la uso lilikuwa linagonga dashibodi kila mara, hakumwambia azinyamazishe.